Swabir Kwenye Kioo

Katika maabara moja ya Msambweni, kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji kwenye ndoo huku Twaiba akidondosha kingamwili juu ya kipande cha ubongo kilicholazwa juu ya kioo, chembamba kuliko utando wa kitunguu. Kingamwili hizo, zilizotiwa rangi, hushika protini moja tu, iliyomo ndani ya seli za neva na si kwingineko. Zikishaishika, seli hung'aa kijani chini ya hadubini.

Aliosha kioo, akazima taa, akatazama. Seli ziling'aa vizuri. Kisha zikauliza kama mwani wa kamba ya mbali umevunwa.

"Sijui," alijibu Twaiba. "Nani wewe?"

"Swabir, wa Kibuyuni. Muulize mama."

Twaiba alimwita Daktari Ziro, mkuu wa utafiti. Ziro aliinama, akasikiliza, akaagiza jaribio lirudiwe kwa kipande kingine bila kingamwili. Hicho hakikung'aa wala hakikusema. Ziro akaridhika.

"Basi kingamwili ni nzuri," alisema. "Piga picha."

Twaiba alipiga picha. Kesho yake akaenda Kibuyuni. Alimkuta Bi Mwanarusi, mama yake Swabir, akianika mwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimweleza. Bi Mwanarusi aliendelea kutandaza mwani hadi mwisho wa chanja. Mwanawe alikufa kwa homa kali, akasema, na hospitali iliomba kumchunguza ijue kilichomuua. Waliruhusu. Maiti ilirudi na bandeji kichwani, waoshaji wakaambiwa wasiifungue.

"Hakuna aliyetwambia kuna kilichobaki," alisema. "Nikimwota huanza neno, halimalizi. Nipeleke."

Katika chumba chenye giza, Bi Mwanarusi aliweka jicho kwenye hadubini.

"Mama, mwani umevunwa?"

"Umevunwa, baba. Wote. Tulia."

Walizungumza mpaka kijani kikaanza kufifia. Twaiba alimwambia ukweli: mwanga wa hadubini ndio unaoimaliza rangi, na kipande kikizimika, hukatwa kingine.

"Basi zima," alisema Bi Mwanarusi. Akamgeukia Ziro. "Nipe mwanangu nikamzike, Daktari."

"Pole sana, mama. Sampuli ni za utafiti, hazitoki. Lakini waweza kuja kumsikiliza."

"Nimsikilize, ndipo mumkate tena?"

Ufunguo wa friza ya sampuli ulibaki mfukoni mwa Ziro.

Siku hizi Bi Mwanarusi huja kila Ijumaa baada ya sala. Huvua viatu mlangoni, hupitiliza hadubini, hukaa mbele ya friza na kumwombea mwanawe dua. Wafanyakazi wanaohitaji kipande husimama kwa adabu ukutani, Twaiba miongoni mwao, mikono wameikunjua. Akimaliza, wote huitikia amina pamoja naye. Kisha yeye husogea kando, nao hufungua friza.