Nguzo Zilizovishwa Viatu

Bisibisi ilizama kwenye nguzo mpaka mpini, bila ubishi, kama kisu kwenye papai lililoiva. Seremala aliichomoa haraka, akaifuta kwenye suruali, kisha akageuka kutazama kama baba yake ameona. Mzee alikuwa bado mlangoni, ameegemea fremu, anahema. Walikuwa wamepanda mlima kwa miguu saa tatu nzima, na magoti yake yalilalamika njia yote, ingawa mwenyewe hakulalamika hata mara moja.

"Si nilikwambia, binti yangu?" akasema. "Kanisa zima halina msumari hata mmoja."

"Nimeona, baba."

Na kweli lilikuwa la kuonwa. Wajenzi wa kwanza, ambao majina yao yalikwishasahaulika, walichonga kila boriti ikawa na ulimi na kila nguzo ikawa na tundu, wakavikutanisha na kuvibana kwa vigingi vya mti mgumu. Kwa miaka mia na ushee upepo wa mlimani ulilisukuma, nalo likalia kidogo na kurudi mahali pake. Ndani kulinukia nta na mbao kavu, na migongo ya mabenchi iling'aa kwa kushikwa na mikono ya vizazi. Seremala, aliyezoea kutupiwa lawama kwa makabati ya mbao za kubandika yanayofumuka kabla ndoa haijatimiza mwaka, alijiona mdogo humo ndani, na hakuona haya kujiona hivyo.

Lakini hakuja kutalii. Saa nane mchana kamati ya kanisa ingekutana kuamua: libaki, au livunjwe lijengwe la matofali. Paa lilikuwa limeanza kuinama upande wa mteremko. Mchungaji, ambaye hakuwa na hata miezi sita hapo, alikuwa amemwita baada ya kusikia sifa za mikono yake mjini, na wazee wa kanisa walikubali kusikia kwanza neno la fundi. Njia nzima seremala alijiapiza kwamba kanisa halivunjwi, na kwamba jina la baba yake litatajwa tena humo kwa heshima. Aliyaona mambo hayo mawili kuwa jambo moja.

Maana mzee ndiye aliyelikarabati miaka thelathini iliyopita, na ukarabati huo ulikuwa fahari ya maisha yake. Kila mgeni aliyekunywa chai nyumbani kwao alisimuliwa jinsi alivyopandisha saruji mgongoni, akazivisha nguzo viatu, ndivyo alivyoita mwenyewe, kila moja ikazungushiwa saruji miguuni ili maji yasiiguse na mchwa asiipande. Nguzo zilikuwa kumi. Alizivisha nane, mfuko wa mwisho ulinyeshewa ukaganda, na mbili zikabaki peku. Jambo hilo lilimkera hadi leo.

Seremala akaanza upya, nguzo moja baada ya nyingine, akigonga kwa nyundo na kutega sikio. Usawa wa kifua zote zilijibu kwa sauti nzito ya mti mzima. Chini, karibu na saruji, zilijibu kama debe tupu. Nane zote. Alipofika kwenye zile mbili peku, zilizokaa juu ya mawe yao makavu, aligonga mpaka chini kabisa, zikaitika vizuri. Akagonga tena, akitamani nazo ziwe zimeoza.

Hapo hakuwa na pa kukimbilia. Maji yaliyoteremka kwenye nguzo yaliingia kati ya mbao na saruji, yakakosa njia ya kutokea. Saruji haikuyazuia, iliyafuga. Angeweza kusema ni mchwa. Mchwa hana wakili wala jina la kuchafuliwa. Lakini wazee wakisikia mchwa, watasema mbao zimekwisha, na nyundo za kubomolea zitapanda mlima wiki ijayo. Alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote.

"Nikipumzika kidogo tutamalizia zile mbili," mzee akasema akimsogelea. "Mchungaji nimeshamwomba atafute saruji."

"Hatuziwekei saruji, baba."

"Kwa nini?"

Akampa nyundo. "Gonga mwenyewe."

Mzee akagonga ya kwanza. Akagonga ya pili, na ya tatu. Kisha akavuka kwenda kwenye zile mbili, akagonga, akaweka kiganja chake juu ya mbao. Binti alitaka kusema pole, akaona kwamba kwa fundi aliyesikia kwa masikio yake mwenyewe, pole ingekuwa kama tusi.

Mchungaji akaingia. "Haya, fundi. Wazee tuwaambie nini?"

"Mbao hazina kosa. Zimeozeshwa na saruji. Tutainua paa kwa jeki, tukate palipooza, tuunge miguu mipya ya mbao ikae juu ya mawe. Lisivunjwe."

"Na saruji aliiweka nani?" Aliuliza bila nia mbaya.

Seremala akawahi kujibu. "Tuliiweka sisi."

Mzee akageuka. "Wewe ulikuwa hujaota hata meno," akasema taratibu. Kisha akamtazama mchungaji usoni. "Niliiweka mimi."

Mchungaji akainamisha kichwa. "Hawatakubali kwa maneno, mzee wangu. Wao wanasema hiyo saruji ndiyo iliyolishikilia kanisa mpaka leo."

"Basi wataona kwa macho. Wanakuja saa ngapi?"

"Imebaki saa moja na nusu."

"Muda huo unatosha kuvua kiatu kimoja."

Alichagua nguzo iliyo karibu na mlango, ambayo hakuna mtu angeingia asiione. Akashika bega la binti yake, akapiga goti moja, halafu la pili, akaomba tindo ya kubomolea saruji. Akapiga. Saruji haikushtuka. Akapiga tena, ukatoka unga kiduchu. Mchanga wake aliuosha mwenyewe mtoni mara mbili, na kiatu alikimwagilia maji siku saba ili kisipasuke. Alikuwa ameifanya kazi ile kwa moyo wake wote.

"Nikupokee, baba?"

"Shika tindo," akasema. "Usitikisike."

Binti akapiga magoti mbele yake, akaishika kwa mikono miwili, na mzee akainua nyundo.