Mabua ya Mama Mkwe

Kura ni kitu kibaya. Tulikuwa kumi na wawili tunaosomea ubwana shamba na ubibi shamba, na kila mmoja aliingiza mkono kwenye kofia ya Mwalimu Buti, anayevaa buti za mpira hata darasani, akatoka na karatasi yenye shamba la mtihani. Wenzangu walipata watu. Mimi nilimpata mama mkwe.

Mtihani wenyewe ulikuwa rahisi kuutaja: ndani ya wiki mbili mkulima wako aache jambo moja linalochosha udongo, kisha amweleze Mwalimu Buti kwa maneno yake mwenyewe ameacha nini na kwa nini. Mshauri, yaani mwanafunzi, anasimama pembeni, kimya. Mara ya kwanza nilifeli kwa kudakia. Nikifeli tena, chuo ndiyo kwaheri.

Na mama mkwe alikuwa akichoma mabua ya mahindi kila msimu tangu mume wangu hajazaliwa. Tena ni mama ambaye nikimwambia chumvi imezidi, anaongeza.

Siku ya kwanza nilikwenda na picha zangu za rangi. Nikamweleza rutuba, unyevu, na vijidudu vinavyoungua na mabua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Akili ni nywele, mwanangu, kila mtu ana zake. Hebu nipe kiberiti hicho."

Bahati yangu mabua yalikuwa bado yana unyevu, moto ukakataa. Nikarudi nyumbani nimenuna.

"Mama yangu hafundishwi," mume wangu aliniambia, huku anamenya viazi bila wasiwasi wowote.

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Mimi nikitaka kitu kwake, huwa naomba."

Maji yalikuwa shingoni, nikaenda kuomba. "Mama, nataka udongo wa kuoteshea miche ya mboga. Nichote wapi?"

Uso ukamchangamka. "Sasa hilo ndilo swali!" Akanipitisha shamba zima hadi kona ya mwisho, akapiga jembe mara mbili. Ulitoka udongo mweusi, laini, minyoo inajinyonganyonga ndani yake. "Chota hapa. Kwingine kote ni vumbi."

"Kwa nini hapa tu?" Kusema kweli sikujua.

"Kwa sababu..." Akasita. "Mwaka jana mvua iliniwahi. Kona hii haikuungua. Mabua yakaozea hapa hapa."

Akaligeukia shamba, akalitazama kwa muda mrefu. Ulimi uliniwasha kama nimelamba upupu. Niliung'ata, nikachota udongo wangu, nikaondoka.

Siku ya mtihani nilimkuta kavaa gauni lake la kwendea harusini. Mabua yalikuwa yamelazwa shamba zima, kati ya mstari na mstari. Alimshika Mwalimu Buti mkono, akampeleka kwenye kona, akamchimbisha, kisha akampeleka katikati ya shamba na kumchimbisha tena, ajionee tofauti. Alieleza vizuri kuliko mimi na picha zangu zote.

"Na mshauri wako alikufundisha nini?" mwalimu akauliza, akipangusa jasho.

"Nani, huyu? Hakunifundisha kitu. Wazo ni langu. Yeye alikuja kuomba udongo."

Damu ilinichemka. Nikafungua mdomo, mwalimu akanitazama, nikaufunga. Aliandika weee, mpaka nikaanza kufikiria jinsi ya kufunga virago. Mwishowe akanigeuzia karatasi: nimefaulu.

"Wakulima wa wenzako wamenikariria madaftari yenu; huyu kasema yake mwenyewe," alisema, akapanda pikipiki yake akaenda.

"Kaandika nini?" mama mkwe akauliza.

"Nimefaulu, mama."

"Umefaulu kwa lipi, na kazi yote nimefanya mimi?"

Nikaangua kilio pale pale, cha furaha na cha hasira kwa pamoja. Hakunibembeleza. Aliingia ndani, akatoka na vigoda viwili, akaviweka karibu karibu kivulini.

"Kaa," alisema. "Mihogo yangu ya kule nyuma majani yanajikunja. Miezi miwili sasa, na sijamwambia mtu." Akajitengeneza kwenye kigoda, akakunja mikono. "Haya, niulize."