Masharubu ya Chura

Tangu alfajiri Mzee Kuramochi hakutulia. Alivaa viatu, akavivua, akavivaa tena, na treni ilipoingia Tokyo alikuwa kachoka kama mtu aliyelima. Jana Tsubouchi, mwenye duka la vitabu vya zamani kule Jimbocho, alimpigia simu: kile kitabu cha hadithi ya chura aliyeposwa na mvua, cha karatasi ya mikunjomikunjo laini kama kitambaa, imepatikana nakala nyingine.

"Ila hiki mtoto kamchora chura masharubu," alisema.

"Niwekee," mzee akajibu.

Masharubu yale aliyachora Sumie, dada yake mdogo, kwa kalamu ya risasi, wiki ileile aliyochukuliwa na homa. Baadaye baba yao aliuza vitabu vyote, kisha nyumba ikaungua vitani pamoja na picha za Sumie. Kilichobaki duniani cha mkono wa Sumie kilikuwa hayo masharubu.

Sasa jamani, mficha uchi hazai. Miaka yote mzee aliingia pale dukani akiuliza, "Kuna aliyechorachora ndani?" Tsubouchi akijibu, "Hata doa," yeye, kwa kuona haya kumsumbua mtu bure, hununua. Rafu yake nyumbani imejaa vyura safi asiowataka. Sababu hakuisema hata siku moja.

Tsubouchi alimkaribisha chai, kisha akamkabidhi kitabu kwa mikono miwili. Mzee alifunua kurasa mpaka akamfikia chura. Uso wake ulikuwa mtupu.

"Masharubu yako wapi?"

"Usiwe na wasiwasi, mzee wangu, mimi si namjua mteja wangu? Nimeyasugua kwa vipande vya mkate asubuhi nzima, polepole, karatasi isichubuke. Mke wangu kaniambia nimeingiwa na wazimu."

Mzee Kuramochi aliinama, akashukuru kama inavyopasa. Alichelewa kuinuka.

"Bwana Tsubouchi, vile vipande vya mkate umevitupa?"

"Vimo kwenye pipa hapo. Vya nini tena?"

Mzee alipiga magoti kando ya pipa, akatandaza leso yake sakafuni, akaanza kuviokota, vile vilivyoingia weusi tu.