Madirisha ya Upande wa Uani Kwangu

Magogoni nzima inajua kwamba nina ulimi. Muuza samaki akinipunja namwambia mbele ya wateja wake, na imamu akirefusha hotuba hupata salamu zangu kupitia kwa mkewe. Kwa hiyo asitokee mtu akasema nilinyamaza siku ile kwa sababu sijui kusema.

Kiwanja kilicho ubavuni kwangu kilikuwa cha jirani yangu Ummi. Ukuta kati yetu ulinifika kifuani tu, na maisha yetu yote yalipita juu yake: chumvi, futari, umbeya, hata watoto walipokuwa wadogo. Ummi akafa, wanawe wakauza, tingatinga likaja likaiangusha nyumba asubuhi moja. Mume wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki zamani. Junaid wangu yuko Doha, Hanan ameolewa Lamu. Nikabaki na paka, naye ni paka wa kula na kuondoka. Nikipika, mkono bado unapima mchele wa watu wengi. Chakula kinalala, kesho yake nakila tena peke yangu, na kinachobaki nawamwagia kuku wa watu.

Kisha pakasimamishwa kibao pale kiwanjani. Litajengwa jengo la ghorofa saba, maduka chini, nyumba za kupangisha juu. Mwenye maoni afike ukumbi wa wadi siku ramani itakapopitiwa na kamati ya kaunti. Majirani wakawaka moto. Maji yatatoka wapi, choo kitaelekea wapi, magari yataegeshwa wapi? Maswali ya maana, sikatai. Mimi nilifunga bakuli langu.

Sababu ilikuwa Maryanne. Huyu ndiye msanifu wa jengo, binti wa watu wa bara, na alikuja kupima mipaka ya kiwanja, jua likiwa la utosi. Nikamwita ndani nikampa maji ya ukwaju. Akanikunjulia ramani yake juu ya mkeka.

"Hapa ni jikoni, mama," akasema. "Kila floo jikoni mbili, na madirisha yote yanaangalia huku kwako. Najua mtalalamika, lakini jikoni lazima ipate hewa."

"Watu watapika humo?"

"Watapika."

"Na kuzungumza?"

Akacheka. "Wapangaji? Hao wataongea mpaka uchoke."

"Basi yaache vivyo hivyo, mwanangu," nikamwambia. "Usiyaguse."

Tangu siku hiyo nilianza kuishi na watu ambao hawajafika. Niliwapanga mwenyewe, ghorofa kwa ghorofa. Hapa mke mgomvi, juu yake mtoto asiyetaka uji, na kule juu kabisa mtu wa bara asiyejua kukaanga samaki, nami nimwelekeze kutoka chini kwa kupaza sauti. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliyangoja madirisha yale kama wengine wanavyongoja mwezi wa Idi, na sikumwambia mtu.

Siku ya kikao nilikaa nyuma na wanawake wenzangu. Mbele walikaa watu wa kamati na mwenyekiti wao, Bwana Mwarandu. Badi naye alikuwapo, kanzu imenyooka kwa pasi. Badi ni mdogo wake marehemu mume wangu. Kila Ijumaa baada ya swala huja kwangu na nyama au mkate, hukaa barazani kikombe kimoja cha kahawa, kisha huenda zake, maana shemeji akikawia kwa mjane watu wana midomo. Ni mtu mwema, na wema wake ndio ulionimaliza.

Alisimama maneno ya maji na magari yalipokwisha.

"Bwana mwenyekiti, miye nina neno moja tu. Shemeji yangu huyu yuwakaa peke yake. Uwa wake ndipo mahali pake pa kufunua kichwa na kuanika nguo zake. Leo watu tusowajua wafungue madirisha wamwangalie toka juu? Wallahi, ndugu yangu angekuwa hai hangekubali. Mtu mke asokuwa na mume, stara yake ni sisi."

Ukumbi mzima ukaitikia. Hata akina mama wa kanisani, ambao na Badi hawana dini moja, walipiga makofi. Mwenyekiti akamgeukia Maryanne, naye akafunua makaratasi yake taratibu, kisha akanitazama.

"Lakini mwenye ua si yuko hapa?" akasema. "Mbona tusimuulize yeye mwenyewe?"

Watu wote wakageuka. Nikasimama. Neno lilikuwa mdomoni tayari: yaacheni. Lakini nikamwona Badi ananitazama kwa fahari, amesema kwa jina la ndugu yake mbele ya mtaa mzima. Nikisema neno lile, yeye ataweka wapi uso? Nami je? Kabla ya magharibi Magogoni ingekuwa imeshasema kwamba mjane fulani anataka kuangaliwa na wanaume. Nilitaka sana kusema. Niliogopa zaidi.

"Shemeji yangu ameshasema," nikajibu. "Mungu amlipe."

Kamati ikakubali jengo kwa sharti. Upande wangu usiwe na dirisha hata moja, na jikoni zote zihamie upande wa barabarani. Watu wakanipa mkono wa hongera. Maryanne alinisubiri mlangoni.

"Mama, si uliniambia niyaache?"

"Nilikwambia wewe. Hao sikuwambia."

Akatikisa kichwa akaenda zake. Nilimkasirikia siku nyingi, ilhali yeye ndiye peke yake aliyenifungulia mlango wa kusema.

Jengo likapanda. Ukuta ukaenda juu, mtupu, mpaka jua likawa linaupa ua wangu kisogo mapema. Wapangaji wakaingia na masufuria yao na ugomvi wao, na yote yakaelekea barabarani. Nawakuta dukani tunasalimiana, sijui nani anakaa wapi. Kuna siku nilitega sikio ukutani. Nilichosikia ni maji yakishuka kwenye mabomba.

Sakafu ya ua, kwa kukosa jua, ikaota ukijani. Ijumaa moja asubuhi nilikuwa naanika nguo, nikateleza. Mguu uliitikia kwa mlio ambao sitaki kuukumbuka. Kanga ilinitoka, nikabaki chini kichwa wazi, mapaja wazi, siwezi kuinuka. Nikaita. Nikaita majina ya watu, kisha nikaita mtu yeyote, mpaka sauti ikakauka. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na watu wa ghorofa saba.

Aliyenikuta ni Badi, baada ya swala. Alibisha, hakujibiwa, akapita mlango wa nyuma. Aliponiona aligeuza uso, akavua shali lake, akanifunika kwanza kabla hajauliza nimeumia wapi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mshukuru Mungu, shemeji," akasema. "Hapana hata mmoja alokuona."

Nikalia kwa sauti. Badi akadhani ni mguu, akatoka mbio kutafuta gari.