Mke Mwenza wa Waithera

Waithera alikuwa na kitendawili alichopenda kuwategea majirani zake wa mtaa wa Tena: "Nina mke mwenza, hali wala hanywi, lakini mume wangu halali kabla ya kumgusa." Jibu lilikuwa sataranji.

Siku ya kumzika mumewe, Dedan, gwiji wa mchezo huo, wachezaji walijaa uani wakisimulia alivyoanza na vizibo vya soda kule Majengo, hadi akawabwaga mabingwa ugenini. Hakuna aliyetaja chai ya Waithera iliyopoa mezani ikimngoja. Wivu ukampanda mama wa watu.

Owen, mwanafunzi wa marehemu, akamletea bibi huyo ubao na kete. "Shosho, tumzike nazo. Buda, mzee wetu, hangeziacha."

"Ala! Amelala naye maisha yote, na kaburini pia?"

Waombolezaji wakacheka. Waithera hakucheka. Alipekua zile kete, akamtoa malkia mweupe, aliyechakaa kwa vidole vya Dedan, akamfunga kwenye pindo la leso yake.

"Hao wengine waende naye," akasema. "Huyu abaki. Kama ni ujane, tutaukaa sote wawili."