Mbwa wa Mzee Rutaihwa

Heshima ya Wahaya itatumaliza, na mimi ni Mhaya nasema hivyo.

Mume wangu Evarist ni mtu wa posta. Anapeleka vifurushi kwa pikipiki, kutoka Bukoba mjini mpaka Muleba. Kwa kawaida anampigia simu mwenye mzigo, wanakutana barabarani, basi. Lakini Mzee Rutaihwa miguu inamsumbua, na mzigo ulikuwa dawa zake. Evarist akasema mzee haitwi barabarani. Akaacha pikipiki, akapita migombani kwa miguu hadi uani. Mbwa akamtokea bila hata kubweka, akamng'ata chini ya goti.

Sasa sikia maajabu. Mzee aliona aibu, mgeni kaumia nyumbani kwake! Akaita wanawe, mbwa akapigwa marungu palepale, akatupwa chooni. Ndiyo pole yenyewe hiyo. Na Evarist, badala ya kuomba maji na sabuni aoshe kidonda, akaketi kutafuna buni za kahawa alizokaribishwa kwa desturi yetu, maana kuzikataa ingekuwa dharau. Akarudi kwetu Kahororo na leso mguuni na jogoo wa zawadi kwenye pikipiki.

"Mzee muungwana kweli," ananiambia.

"Muungwana kitu gani! Jogoo ndiye atakuchoma chanjo?"

Nikamburuta hospitali. Cha kwanza daktari akauliza mbwa yuko wapi. Angefungwa kamba akaangaliwa, tungejua kama ana kichaa. Sasa mzoga uko chooni kwa mzee. Chanjo nazo zilikuwa zimeisha. Daktari akatuambia wazi kwamba ugonjwa ule ukishaanza hauna dawa, twende Mwanza tusingoje.

Evarist akagoma. Eti mbwa alikuwa mnene, manyoya yanang'aa. Eti mzee akisikia tumekimbilia Mwanza ataona tunamtangaza kwamba anafuga vichaa. Nililia, nikanuna, nikamwitia mpaka mama yake mzazi. Wapi! Kidonda kikafunga, akaendelea na pikipiki yake. Mimi kila akikohoa roho inaruka.

Leo asubuhi simu ikalia, Mzee Rutaihwa. Tukasalimiana weee, nyumba, watoto, migomba, mvua. Mwisho akasema kwa upole, "Mwanangu, yule mbwa alikuwa amemng'ata na ndama wangu. Ndama amekufa. Alikuwa anatoa povu, anajigonga ukutani."

"Amekufa lini, tata?" nikamuuliza, maana kwetu mzee kama yule ni baba.

"Wiki iliyopita. Niliona nisiwatie hofu, mwenzio ana kazi."

Niliogopa kuliko siku niliyomzika baba yangu. Matusi yalinijaa mdomoni, yote ya Kihaya na ya Kiswahili, na unajua nilisema nini? Nilisema, "Asante, tata." Asante! Nilitamani kujizaba kofi.

Evarist alikuwa anafunga vifurushi kwenye pikipiki. Nikamweleza neno kwa neno. Uso ukamshuka, akaketi chini hapohapo kwenye vumbi, mkono juu ya ule mguu. Kwa mara ya kwanza nikaona ameogopa.

"Inuka," nikamwambia. "Mwanza, sasa hivi. Mizigo ataipeleka mwingine."

Akainuka, akajipangusa. Kisha akaninyooshea mkono.

"Nipe simu kwanza," akasema. "Nimpe mzee pole ya ndama."