Mkono Upi

Jumamosi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, ndipo ilipoanza, nina hakika kwa sababu nilikuwa natazama saa nione kiongozi wetu wa kututembeza mji wa kale amechelewa kiasi gani, na baba, ameegemea mzinga wa zamani mbele ya ngome, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, mama, ule mkono umepona?... na sasa ni saa sita kasoro, jua liko utosini, tumesimama kwenye uchochoro mbele ya mlango wa nne au wa tano, kiongozi anahesabu misumari ya chuma, mimi nahesabu vidole vyangu, kumi, vyote vizima, sijaumia mkono mimi, nilijibu umepona, baba, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu, afadhali ningenyamaza... kuniita mama si jambo geni, mimi ni wajina wa bibi, mama yake, tangu nikiwa wa kubebwa ni mama njoo ule, mama umepata ngapi kwenye hesabu, mama usichelewe kurudi, na kwa miaka ishirini na sita sikuwahi kujiuliza anapolitamka anamwona nani, neno zuri la kujificha hilo, mzazi anaweza kukaa nyuma yake mwaka mzima, usijue kwamba wewe mwenyewe umeshamtoka kichwani... na bibi aliungua mkono, hilo nalijua, sufuria la maji ya moto, mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko, baba akiwa na miaka tisa, ametusimulia mara nyingi alivyokuwa akimfunga kitambaa kila jioni... lakini ngoja, ngoja kwanza, mimi nilijikata kidole gumba nikiwa kidato cha pili, nachonga penseli kwa wembe, nikashonwa nyuzi mbili, baba ndiye aliyenipeleka zahanati, kwa hiyo huenda anaulizia hicho, mzazi anaweza kuulizia kidonda cha miaka kumi na moja iliyopita, kwa nini asiweze... gumba ni la mkono wa kulia. Wa kulia wangu, wa kushoto wa bibi. Swali ni maneno mawili tu, mkono upi, nayo tangu asubuhi sijathubutu kuyatamka... kiongozi, anajiita Profesa na fulana yake imeandikwa hivyo mgongoni, anasema nyumba hii ina miaka mia tatu, mlango wake mia nne, siku nyingine ningemuuliza mlango ulikuwa unafunga nini hiyo miaka mia ya kwanza, leo aongeze karne anavyotaka... baba hamsikilizi, anapapasa mbao, ni seremala, miaka arobaini, anamwonyesha mbao moja ilivyoingizwa ndani ya mwenzake bila gundi wala msumari, huyu fundi hakuwa na haraka, anasema, na Profesa anaguna, mzee, wewe ungenifundisha kazi... unaona, nauambia moyo, anayemsoma fundi aliyekufa zamani hawezi kumsahau mwanawe, lakini mikono ina kumbukumbu yake, hiyo ninaijua, nimesoma juu ya maradhi ya kusahau, nimesoma mno, kaka aliniambia kwenye simu asubuhi hii wewe nawe, shule imekutia wasiwasi, uzee tu huo, na nilifurahi kusutwa, nilitamani anisute tena... na sasa Profesa anageuka, anatabasamu, utani nauona unakuja, nataka kuuzuia, nataka kumuuliza habari za lile dirisha, mwaka wowote, sultani yeyote...

"Mzee, huyu dada ni nani wako? Au ni bi mdogo unatuficha?"

"Huyu?" anasema baba. "Huyu ni mama yangu."

Profesa anacheka mpaka anashika mlango, ananiinamia, shikamoo bibi, kumbe tunatembea na wakubwa, ungesema mapema nikutafutie kiti, na mwanamke anayepita na ndoo anacheka naye, mimi pia nacheka, nakisikia kicheko changu, kikavu, kimechelewa... baba hacheki, lakini utani wake siku zote ni wa uso mkavu, aliwahi kumwambia mteja kabati lako limelala, rudi jioni litakuwa limeamka, kwa hiyo uso mkavu si ushahidi, hauthibitishi kitu, na kabla sijajizuia naisikia sauti yangu.

"Ule mkono ulioniulizia asubuhi, baba. Mkono upi?"

Anauchukua wa kushoto. Anakunja mkono wa blauzi yangu, pindo la kwanza, la pili, la tatu, mpaka karibu na kiwiko, anapitisha kidole chake kigumu juu ya ngozi kama anavyopitisha kwenye mbao iliyotoka kupigwa msasa, anatafuta kovu, kovu hakuna, na mimi nasubiri aone kwamba hakuna, ainue macho, ashtuke, aniulize wewe nani, na hapa uchochoroni nitamjibu nini... anashusha pumzi.

"Hata alama haikubaki," anasema. "Niliogopa sana, mama."

Mimi naogopa tangu saa nne, yeye tangu ana miaka tisa, miaka sitini anaogopa kwa ajili ya mkono huu, na muda wote huo nimesimama hapa namtungia mtihani, akichagua wa kulia amefaulu, wa kushoto amefeli... Profesa amerudi kwenye misumari, thelathini na sita, thelathini na saba, jua halijasogea, mkono wangu umo mikononi mwa baba na siutoi, hofu ipo, ila sasa naona tuko wawili ndani yake, na mmoja wetu ni mtoto, na si mimi...

Kesho yake, Jumapili, saa moja kasoro robo asubuhi, nilibisha mlango wa chumba chake pale nyumba ya wageni tulipofikia. Akauliza nani. Maisha yangu yote nimejibu "mimi", kama kila mtu anavyojibu, jibu lisilomsaidia kitu aliye ndani. Jina nalo lisingesaidia, ni la bibi pia. Nikasema ni binti yako, baba, yule wa mwisho, nimekuja tukanywe chai. Nilihesabu mpaka nne.

"Najua, mama," akasema. "Ingia."